Nyumba Hii ni ya Nani?

Tulikwenda Kitale kununua mbegu za mahindi. Hayo mengine yalizuka tu.

Ilikuwa Machi, siku zile vumbi limefika kooni na kila mwenye shamba anatazama mlima kuona kama umevaa wingu. Ramani zinauita mlima huo Elgon na kuupa urefu wa mita 4,321. Shangazi yangu, kama Wabukusu wengi wa rika lake, anauita Masaba, na urefu wake haumshughulishi. Kilichomshughulisha mwaka huo ni mbegu. Msimu uliopita alipanda za dukani karibu na nyumbani, nusu hazikuota, naye akaapa kwamba safari hii atanunua mlangoni kwa mwenyewe. Mwenyewe yuko Kitale: Kenya Seed ilianzishwa huko mwaka 1956, na aina ya 611, mahindi chotara ya kwanza kupewa wakulima wa nchi hii mwaka 1964, yalitoka kwenye kituo cha utafiti cha mji huohuo. Kwetu mtu hukumbuka namba ya mbegu kuliko namba ya simu ya mtoto wake.

Matatu ilipitia Chwele. Kiti cha watu watatu tulikaa wanne, na wa tano alikuwa jogoo. Kimilili tulisimama kidogo, Shangazi akanyoosha kidole upande wa Maeni, kwao Elijah Masinde. Huyu alichezea Kenya mpira, kisha akaachana na mpira akaanza kuwaambia watu waache dini za wageni na wamrudie Wele, Mungu wa Wabukusu. Wakoloni walimtia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, baadaye wakampeleka uhamishoni Lamu, mbali kabisa na mlima wake. "Nilimwona sokoni nikiwa msichana," Shangazi alisema. "Nilijificha nyuma ya mama." Kondakta akagonga bati, tukaondoka. Kamukuywa, Kiminini, kisha mashamba yale mapana ya Trans Nzoia, ambayo jembe la trekta likianza upande mmoja asubuhi utadhani litalala huko liendako.

Kufikia saa nne mbegu tulikuwa nazo, zimefungwa vizuri ndani ya mfuko wa kiondo. Nikamwambia kuna makumbusho hapa, si mbali, barabara ya kwenda Eldoret, twende tukaone vitu vya zamani.

"Vya zamani ninavyo nyumbani," alijibu. Lakini jua lilikuwa kali, na nilimwambia kule kuna miti. Akapanda boda boda na mbegu zake, mimi nikafuata kwa miguu.

Langoni hawapokei noti. Unalipa kwa simu, kwa mtandao ule wa serikali, unasubiri ujumbe, unamwonyesha mlinzi. Shangazi alisimama kando akitazama shughuli yote hiyo. "Hata marehemu siku hizi wanalipiwa kwa simu," akasema, na mlinzi, kijana mwenye sweta ya kijani, akacheka mpaka akasahau kutazama ujumbe wangu.

Makumbusho ya Kitale hayana ukubwa wa kutisha. Ukumbi mmoja mkuu, majengo machache, bustani, na nyuma yake msitu mdogo unaoteremka kuelekea mtoni. Aliyewahi kuona picha za makumbusho makuu ya dunia, zile nguzo za mawe na ngazi za kupandia mpaka uhisi umefanywa mdogo, atauliza kama amefika. Amefika. Hii ndiyo makumbusho ya kwanza ya taifa kujengwa bara nje ya Nairobi, na ilifunguliwa mwaka 1974 kwa jina la Makumbusho ya Taifa ya Magharibi mwa Kenya.

Chanzo chake ni mtu mmoja na wadudu wake. Luteni Kanali Hugh Stoneham alikuwa mwanajeshi wa Kiingereza aliyekuja kuishi upande huu, na kazi aliyoipenda kuliko bunduki ilikuwa kukamata vipepeo. Alikamata vipepeo, ndege, nyoka, akanunua vitabu, akakusanya ngao na mikuki na vibuyu, mpaka nyumba ikamshinda. Mwaka 1926 akafungua makumbusho yake binafsi. Mwaka huohuo reli ilifika Kitale, na bila shaka walowezi wengi waliona reli ndiyo habari kubwa. Leo treni ya abiria haiji tena, na vipepeo wapo. Alipofariki mwaka 1966 aliacha wosia: mkusanyo wote uwe wa taifa, pamoja na fedha za kujengea nyumba ya kuutunzia.

London nao walianza hivyo. Daktari Hans Sloane alikufa mwaka 1753 akiwa na vitu zaidi ya 70,000 ambavyo kwa wosia wake alitaka viwe vya taifa, bunge likavichukua, na ndiyo ikawa British Museum. Leo ina vitu kama milioni 8, na karibu vyote vimo ghalani; mgeni anaonyeshwa kama kimoja katika kila mia. Kwa hiyo ukisimama mbele ya kabati la wadudu la Kitale usilidharau. Makumbusho makubwa kabisa ya dunia ni kabati la mtu mmoja lililopata pesa.

Niliinama nikawatazama wale vipepeo. Wamechomwa pini kifuani, mabawa yametandazwa kama nguo iliyoanikwa. Rangi ya baadhi yao imepauka, lakini wengine bado wana ule ubuluu wa mafuta ya taa yakiwa juu ya maji. Mkusanyaji wa wadudu ana adabu yake ya kazi ambayo haibadiliki popote duniani: chini ya kila mdudu, kwenye pini ileile, hutia kikaratasi kidogo kuliko ukucha, na juu yake huandika mahali alipomkamatia, tarehe, na jina la aliyemkamata. Bila kikaratasi hicho mdudu hana thamani kwa mwanasayansi, hata awe mzuri vipi. Ni uchafu wenye mabawa.

Kumbuka hicho kikaratasi, maana nitakirudia.

Shangazi vipepeo hawakumkalisha. Alipita kwenye vitu vya Waturkana na Wapokot na Wamarakwet kwa mwendo wa mtu anayekagua soko kabla ya kununua. Kitale ni mlango wa kaskazini. Mabasi ya Lodwar huondokea hapa, na mjini utakutana na mzee wa Kiturkana ameshika ekicholong yake, kile kigoda kidogo cha mti anachokalia mchana na kukilalia kichwa usiku. Kwa hiyo kukiona kigoda kama hicho kimepumzishwa ndani ya kioo kunashangaza kidogo, kama kuona kiatu cha jirani yako kwenye fremu ukutani. Shangazi alikisogelea. "Hiki kimekaliwa," alisema. Nilitazama tena nikaona: pale katikati mti ulikuwa umelainika na kung'aa, na upande mmoja uling'aa zaidi. Aliyekikalia alikuwa na desturi ya kuegemea kulia.

Nje ndiko mambo yalikoanzia.

Bustanini wamejenga mifano ya nyumba za kienyeji, za jamii mbalimbali za upande huu, na mojawapo ni ya Wabukusu. Watoto wa shule walikuwa wamejazana, sare za bluu, kila mmoja na daftari, wakinakili kila kilichoandikwa. Mwongoza wageni, kijana mpole mwenye sauti ya kwaya, alikuwa anawaeleza: ukuta wa udongo na samadi, nguzo ya katikati, paa la nyasi. Shangazi hakusikiliza. Alisimama hatua kumi nyuma, mkono juu ya macho, akatazama kilele cha paa. Pale juu kabisa kuna kijiti kinachochomoza.

"Mwenye nyumba yuko hai," alisema.

Kijana akageuka. "Shikamoo, mama. Umesema?"

"Marahaba. Hicho kijiti cha juu. Mwenye nyumba akifa kinavunjwa. Hapo hakijavunjwa, kwa hiyo yuko hai. Ni nani?"

"Hii ni nyumba ya Wabukusu, mama."

"Wabukusu wote wanalala humu?"

Watoto walicheka, na mwalimu wao akacheka, na yule kijana, namsifu, hakukasirika. Alifunga daftari lake akamkaribisha Shangazi ndani kama vile ndiye aliyeichelewesha ziara. Kuanzia hapo hatukuongozwa tena, tuliongoza. Watoto nao wakageuza kurasa wakaanza kuandika upya.

Ndani kulikuwa na kiza kile cha nyumba ya nyasi, kiza chenye harufu. Shangazi aliinama kwenye chungu cha busaa. Chungu chenyewe alikikubali. Alikigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaona mrija umeegemezwa ukutani. Lusekhe, ndivyo unavyoitwa kwetu: shina refu la mmea lenye tundu, refu kupita urefu wa mtu, ambalo wazee huliingiza chunguni kila mmoja na lake na kunywea wakiwa wamekaa mbali na chungu. Aliuchukua. Hakuomba ruhusa, na sijui kama ruhusa ingepatikana. Akautazama ncha ya chini.

"Chujio liko wapi?"

Kijana hakujua kama linahitajika chujio.

Basi akakaa kwenye kigogo, mfuko wa mbegu magotini, akawaeleza. Busaa si pombe ya kumimina glasini. Unga wa mahindi unavundikwa, unakaangwa juu ya bati mpaka ukumbi mzima unanukia, kisha unachanganywa na kimera cha wimbi na maji. Ndani ya chungu mna mashapo. Ukivuta kwa mrija mtupu utakula makapi mpaka ukohoe mbele ya wakwe. Kwa hiyo ncha ya chini huvishwa kijikapu kidogo kilichosukwa kwa nyuzi, chembamba kama kidole, kinachopitisha pombe na kuzuia makapi. Kusuka kijikapu hicho ni ufundi. Si kila mtu anaweza. Baba yake Shangazi alikuwa anausafisha mrija wake, anauingiza ndani ya bomba la mwanzi uliotoka mlimani, na kuutundika darini, na mtoto akiugusa alichapwa. Mtu hakunywa kwa mrija wa mwenzake. Alipokufa, kila mtu kijijini alijua ule uliotundikwa pale ni wake.

"Na chujio la baba alilisuka Nasimiyu," alimaliza. "Mke mdogo wa kaka yake. Mkono wake ulikuwa unajulikana. Ukiona chujio unasema, hili la Nasimiyu."

Mtoto mmoja akamwita kukhu, yaani bibi, akauliza: "Kukhu, Nasimiyu inaandikwaje?" Nasimiyu ni jina la nusu ya wasichana wa Bungoma, na mtoto alijua kuliandika. Nadhani alitaka tu kuhakikisha kwamba jina la mtu linaruhusiwa kuingia kwenye daftari la makumbusho.

Ndipo kikaratasi cha kipepeo kikanirudia. Ni ada ya makumbusho tangu zama za wakoloni, kuanzia London mpaka Berlin: mdudu anaandikiwa siku na mahali, naye aliyemkamata anaandikwa, chungu kinaandikiwa kabila. Jina la mkusanyaji linabaki kitabuni. Jina la mfinyanzi, ambaye mara nyingi ni mwanamke, halikuulizwa na mtu. Ukisoma "chungu, Wabukusu" unaelewa kwamba Wabukusu walikutana siku moja, maelfu, wakashikilia udongo mmoja wakafinyanga.

Siyo suala la heshima tu. Jina lina kazi. Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alipigwa risasi na Richard Meinertzhagen mwaka 1905 walipokutana eti kwa mazungumzo ya amani, na fimbo zake za uongozi zikasafirishwa Uingereza. Zilirudi mwaka 2006, kutoka kwa familia ya Meinertzhagen yenyewe. Ziliweza kurudi kwa sababu kila mtu alijua ni za nani. Ngadji, ile ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, imo ghalani British Museum tangu mwaka 1908, na Wapokomo wanaidai kwa jina lake, maana ngoma hiyo ina jina kama mtu. Lakini watafiti wa Kenya na Ujerumani walipokaa miaka kadhaa kuhesabu vitu vya Kenya vilivyomo katika makumbusho ya nje, walipata zaidi ya 32,000. Mwaka 2021 wakafanya maonyesho Nairobi, na wakaweka makabati matupu ili watu waone ukubwa wa kisichokuwepo. Katika hivyo 32,000, ni vingapi vina jina la aliyevitumia? Mrija wa babu wa mtu unadaiwaje, kama umeandikwa "mrija"?

Nimeacha njia. Turudi bustanini.

Nyoka Shangazi alikataa kuwaona, akasema amewaona wa bure. Mamba alimtazama kwa umbali na kutamka kwamba amenenepa. Kilichomvuta kuliko vyote, na nasema hili bila kumficha, ni mtambo wa gesi ya samadi. Makumbusho wameuweka kama mfano wa kufundishia wakulima: mavi ya ng'ombe yanaingia upande huu, yanachacha ndani ya tangi bila hewa, gesi inatoka upande wa pili inapikia chai, na masalia yanakwenda shambani. Aliuzunguka mara mbili. Aliuliza ng'ombe wangapi wanatosha, tangi linafukiwa kina gani, moto unatosha kupika maharagwe au ni wa chai tu. Nilipomvuta tuondoke aliniambia, "Hapa ndipo wangeanzia." Jirani na makumbusho kuna kituo cha kilimo-misitu chenye jina la Olof Palme, yule waziri mkuu wa Uswidi aliyeuawa mwaka 1986, na njia ya msituni inaunganisha pande zote mbili. Tuliifuata kidogo. Kulikuwa na ubaridi, na tumbili mmoja alitushusha hadhi kwa kututupia maganda.

Saa nane tulikuwa kwenye matatu ya Webuye. Tungeweza kurudi kwa njia tuliyojia, lakini nilikuwa nimepata wazo, na Shangazi alikuwa na ndugu Webuye wa kumgawia mbegu.

Webuye inatangazwa na bomba refu la kiwanda cha karatasi, kile kilichofungwa mwaka 2009 na kusimama kimya miaka mingi. Juu ya mji kuna mlima mrefu kama ukuta. Huo ndio Chetambe. Boda boda zinapanda mpaka juu kwa kulalamika, na ukifika unaona dunia yote ya kwetu: mto Nzoia unapita mawe, mashamba ya miwa, mabati ya mji, na mbali kule Masaba akiwa amejifunika.

Hakuna kioo huku. Kuna mfereji. Ni handaki la mviringo lililojaa nyasi, linazunguka uwanja uliokuwa ngome, na bila mwenyeji wa kukuonyesha utalivuka ukidhani ni mtaro wa maji. Wabukusu na Watachoni walijenga ngome nyingi za namna hii, zenye handaki na ukuta wa udongo, wakaingia ndani na ng'ombe wao adui akija; jina Chetambe lenyewe ni la Mtachoni, na Watachoni hawachoki kukukumbusha. Mbuzi wawili walikuwa wamefungwa kwenye ukingo. Shangazi aliwauliza habari kwanza, kama ilivyo desturi yake, ndipo akaketi.

Mwaka 1895 hapa palikuwa na vita. Chanzo kilikuwa bunduki. Askari wa Kisudani waliokuwa wakiwatumikia Waingereza kule Mumias walitoroka na silaha wakawauzia Wabukusu, na Wabukusu walipotakiwa kuzirudisha walikataa, na kikosi kilichotumwa kuzichukua kiliangamizwa. Ndipo Waingereza wakaja na jeshi, pamoja na askari wa makabila jirani, wakavunja ngome ya Lumboka, kisha wakapanda kuja hapa. Ndani kulikuwa na mikuki, mishale na bunduki chache. Nje kulikuwa na bunduki ya rashasha.

Aliyeongoza upande wa Waingereza aliitwa Charles William Hobley.

Jina hilo nilikuwa nalijua kabla sijapanda Chetambe, ila nililijua kwa jambo lingine. Mwaka 1909 mabwana wachache wa Kiingereza waliopenda ndege, mawe na mimea waliunda chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda, na mwaka 1910 chama hicho kikaanzisha makumbusho mjini Nairobi, pale ilipo Nyayo House leo. Hiyo ndiyo iliyohamahama, ikapewa jengo mlimani mwaka 1930, ikaitwa Coryndon kwa jina la gavana, na baada ya uhuru ikawa Makumbusho ya Taifa. Hobley ni miongoni mwa waliokijenga chama hicho. Alikuwa ofisa hodari, mwenye jicho pevu. Aliandika vitabu kuhusu imani na desturi za watu aliowatawala, na kwa baadhi ya mambo ndiye shahidi pekee aliyeandika.

Kwa hiyo mkono uliofyatua hapa mwaka 1895 na mkono uliosaidia kuanzisha makumbusho Nairobi miaka kumi na mitano baadaye ulikuwa mmoja. Nilimweleza Shangazi. Alifikiri kidogo.

"Alipanda hapa, akaua, na hakuuliza majina," alisema. "Kisha akaenda akaandika majina ya ndege."

Sikuongeza neno. Ningekuwa Nairobi ningesema Hobley alikuwa mtu wa zama zake, na kwamba bila watu kama yeye tusingekuwa hata na cha kubishania. Hayo yote ni kweli. Lakini ni vigumu kuyasema umekaa ukingoni mwa handaki.

Wabukusu wana makumbusho yao ambayo haihitaji jengo. Mzee mkubwa akifa, siku chache baada ya maziko, anaitwa mtu wa kuswala kumuse. Si kila mtu anaweza. Kazi hiyo ina koo zake. Mtu huyo husimama mbele ya umati waliokaa, akatembea huku na huku katikati yao na fimbo mkononi, akataja walikotoka, vita vilivyopiganwa, nani alimzaa nani, na rika gani lilitahiriwa lini. Marika ni manane, yanazunguka kama gurudumu: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma, Sawa, kisha yanaanza upya baada ya takriban miaka mia. Kwa kalenda hiyo hata asiyejua 1895 ni nini anaweza kukuonyesha vita vya Chetambe vilikaa wapi. Kasoro yake ni moja. Kabati la namna hiyo lina miguu, na linakufa. Siku hizi wanaoswala wanazidi kupungua, na vijana kwenye matanga wako nyuma ya hema na simu zao.

Kwa hiyo nami nikatoa simu. Nikamwomba Shangazi ataje wale anaowajua yeye, wa ukoo wetu tu, walioingia ndani ya lile handaki. Alivua kitambaa kichwani, akakifunga tena vizuri, akaanza. Majina yalikuwa tisa. Matano ya wanaume, manne ya wanawake, na mmoja kati ya wanawake hao alitoka akiwa na mtoto mgongoni, na mtoto huyo ndiye aliyemzaa babu. Alipofika jina la saba alisita, akalirudia mara mbili kwa sauti mbili tofauti, akachagua moja. Mbuzi mmoja alilia katikati ya jina la nane, na kwenye rekodi unamsikia vizuri kuliko Shangazi.

Jioni hiyo niliyanakili kwenye daftari: jina, mahali, tarehe ya kurekodiwa, jina la msimulizi. Nilipomaliza nikatazama nilichofanya nikaona ni kikaratasi kilekile cha Stoneham.

Mvua ilinyesha wiki mbili baadaye, na mbegu ziliota karibu zote. Mrija wa babu, niliuliza, uliliwa na mchwa mwaka ambao Shangazi hakumbuki. Bomba la mwanzi bado lipo, linawekewa misumari.

Makumbusho ya Kitale iko kwenye barabara ya Eldoret, mwendo mfupi kutoka katikati ya mji. Hakikisha simu yako ina pesa. Na ukienda, usiende peke yako wala na watoto pekee. Nenda na mtu aliyezaliwa kabla ya uhuru, mwache atangulie, na asiharakishwe. Sisi tulikaa saa tatu, na upande wa ndege hatukuufikia.